Mwaliko wa Kiingereza na Jibu Lake

Katika desturi za Waafrika wengi, apitaye wakati wa chakula huitwa, "Karibu tule," naye hujibu, "Starehe," akaendelea na safari yake. Hapo hakuna aliyevunjiwa heshima. Aliyeita hakupika kwa ajili ya mpita njia, na aliyejibu hakukidharau chakula. Yote mawili yalikuwa salamu. Lakini mwaliko unapoandikwa kwa Kiingereza, ukatiwa katika bahasha na kupelekwa nyumba hata nyumba, mambo hubadilika. Mwenyeji huanza kuhesabu viti na sahani, na neno la adabu lililozoeleka nyumbani laweza kumtia hasara na kuwatenga majirani waliokuwa wakipendana.

Jambo hili laonekana wazi huko Gumbo, upande wa mashariki wa Mto Nile, ng'ambo ya Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Hapo hupita barabara ya Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ambayo kazi yake ya kutiwa lami ilikamilika mwaka 2012. Kwa barabara hiyo huingia malori na bidhaa kutoka Uganda na Kenya, na pamoja navyo huingia lugha. Kiswahili cha madereva hukutana na Kiarabu cha Juba cha sokoni, na vyote viwili hukutana na Kibari, lugha ya wenyeji wa eneo hilo, na lugha za watu waliohamia kutoka majimbo mengine. Askari wa kabila hili hupanga chumba karibu na polisi wa kabila lile. Siku ya ubatizo au ya harusi inapowadia, kadi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa si lugha ya mama ya yeyote kati yao, na kwa hiyo hakuna anayejiona amebaguliwa.

Kiingereza Kilivyofika

Kiingereza hakikuanza jana katika eneo hilo. Mwezi wa Aprili mwaka 1928, serikali ya kikoloni iliitisha mkutano wa lugha huko Rejaf, jirani na Gumbo. Mkutano huo ulichagua lugha chache za kienyeji, zikiwamo Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande, zitumike katika madarasa ya mwanzo, na Kiingereza kikaachiwa madarasa ya juu. Baada ya Sudan kupata uhuru mwaka 1956, Kiarabu kilitiliwa nguvu katika shule za kusini. Mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yalikirudishia Kiingereza nafasi yake katika eneo hilo, na Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, katika ibara ya 6, ikakifanya lugha rasmi ya kazi ya taifa jipya.

Kutokana na historia hiyo, majirani wawili wenye cheo kimoja waweza kuwa na elimu za lugha mbalimbali kabisa. Aliyesoma Khartoum alisoma kwa Kiarabu. Aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nchini Kenya, au katika makazi ya wakimbizi ya Uganda, alirudi na Kiingereza na Kiswahili. Kwa hiyo mtu asichekwe kwa kutofahamu kadi aliyopelekewa. Kinachofaa ni kuelezwa, kwani kuuliza si ujinga.

Maneno ya Kualika

Mwaliko wa Kiingereza una ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya watu wanaozoeana. Hapo husemwa, "Come and eat with us on Sunday," yaani "Njooni mle nasi Jumapili." Ngazi ya pili ni ya heshima ya kawaida, nayo ndiyo ifaayo kwa majirani na wafanyakazi wenzi: "Would you like to come to our house on Sunday?" Msikilizaji asiyezoea hudhani anaulizwa kama ana hamu. Sivyo. Huo ni mwaliko kamili, na wangoja jibu. Ngazi ya tatu ni ya kadi. Hapo mwenyeji hujitaja kwa jina na cheo, kana kwamba anamsemea mtu mwingine, na huandika kuwa "request the pleasure of your company," maana yake ni kuwa yeye na mkewe wanaomba wapate furaha ya kuwa pamoja na mgeni.

Neno jingine linalofanana na mwaliko lakini silo ni hili: "You must come and see us some time." Mtu wa pwani akiambiwa "Karibu sana nyumbani" aweza kwenda kesho yake na akapokewa vizuri. Maneno hayo ya Kiingereza, kwa kuwa hayana siku wala saa, ni ya kuagana tu. Anayetaka kujua kama mwenziwe asema kweli na ajibu, "Thank you. Which day would suit you?" Siku ikitajwa, mwaliko umepatikana.

Tena kuna suala la nani atakayelipa. Kwa Waswahili, aliyealika ndiye alipaye. Kwa Kiingereza, "Let us go for lunch" ni wito wa kwenda pamoja, na kila mmoja aweza kulipa chake. Anayekusudia kulipa husema, "Let me take you to lunch." Askari anayeingia mkahawani na wenzake na ajue tofauti hiyo kabla ya kuagiza nyama.

Siku na Saa

Hapa ndipo wazungumzaji wa Kiswahili hukosea kuliko penginepo. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa, na ile ya Kiingereza huhesabiwa tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Mtu aliyekusudia saa nne ya asubuhi, akaandika "four o'clock," amewaita wageni wake saa kumi ya alasiri. Chai itapoa, na mwenye nyumba atadhani amedharauliwa.

Jambo hili lina pingamizi nyingine tangu tarehe 1 Februari 2021, siku ambayo Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Tangu hapo, inapokuwa saa kumi alasiri mjini Juba, ni saa kumi na moja Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Ndugu anayealikwa kwa simu kutoka nchi hizo hana budi kuambiwa kuwa saa iliyotajwa ni ya Juba.

Askari na polisi wanayo dawa ya tatizo hili mikononi mwao. Hesabu ya saa ishirini na nne, wanayoitumia kazini kila siku, haina utata. "1600 hours" ni saa kumi ya alasiri tu, wala haiwezi kuwa saa nyingine. Vilevile afadhali kuandika tarehe kuliko kuandika "next Saturday," kwa kuwa hata Waingereza wenyewe hawaafikiani kama hiyo ni Jumamosi ijayo au ile inayofuata. Na kadi ikiandikwa "2.00 for 2.30," maana yake ni kwamba wageni wafike kuanzia saa nane, na shughuli itaanza saa nane na nusu.

Kukubali

Jibu la kukubali halina ugumu, mradi liwe kamili. Kwa jirani, yatosha kusema, "Thank you, we will be glad to come. There will be four of us." Idadi hiyo ndiyo anayoitaka mama mwenye jiko. Kadi ikija kwa jina la mume na mke tu, watoto hawakualikwa. Ikiandikwa "and family," wamealikwa. Anayetilia shaka na aulize mapema, wala asiwafikishe watoto watano mlangoni na kumwachia mwenyeji kazi ya kutafuta viti.

Mwaliko wa kadi hujibiwa kwa namna ile ile ulivyoandikwa, yaani kwa kujitaja kwa cheo na jina. Mfano wake ni huu: "Sergeant and Mrs ........ thank Captain and Mrs ........ for their kind invitation to the wedding of their daughter on Saturday, 14th March, and have much pleasure in accepting." Siku hurudiwa makusudi katika jibu. Kama mgeni ameisoma vibaya, mwenyeji ataona kosa na kulisahihisha mapema.

Chini ya kadi huwapo herufi nne, R.S.V.P. Hizo ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya "tafadhali jibu." Tarehe ikifuata, hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kujibu. Lakini kadi nyingine huandikwa "Regrets only," na hapa msomaji awe macho. Maana yake ni kuwa atakayeshindwa kuja ndiye peke yake anayetakiwa kujibu. Anayenyamaza amehesabiwa kuwa anakuja, na sahani yake imekwisha kuwekwa.

Ndiyo na Hapana

Kuna mtego mmoja ambao umewanasa hata watu wenye vyeti. Mtu wa Kiswahili akiulizwa, "Hutakuja?" na kama haji, hujibu, "Ndiyo, sitakuja," kwa maana kwamba muulizaji amesema kweli. Kiingereza hakifuati njia hiyo. Akiulizwa, "Won't you come?" akajibu, "Yes," amesema kwamba atakuja. Asiyekuja hana budi kusema, "No, I am afraid I can't."

Ndugu wa mtego huo ni neno "mind." Mwenyeji aweza kusema, "Would you mind coming early to help with the chairs?" Anauliza kama kuwahi kuja na kusaidia kupanga viti kutamsumbua aliyeulizwa. Jirani mwema, kwa kutaka kukubali upesi, hujibu, "Yes!" na kumbe amesema kwamba atasumbuka. Jibu la kukubali ni "Not at all."

Hata shukrani ina mpaka wake. Kwa Kiswahili, mtu aliyeshiba akiongezewa chakula huweza kusema "Ahsante" tu, na kwa mkono wake ikafahamika kuwa amekataa. Mtu wa Kongo aliyezoea Kifaransa husema "merci" kwa maana hiyo hiyo. Kwa Kiingereza, "Thank you" peke yake huchukuliwa kuwa ni kukubali, na kisra au asida itaongezwa. Aliyeshiba aseme, "No, thank you." Naye asingoje kushurutishwa mara tatu kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za Juba. Mwenyeji afuataye adabu za Kiingereza huuliza mara moja, na anayekataa kwa haya huku ana njaa huenda akarudi nyumbani na njaa yake.

Kukataa

Sasa yafika mahali penye uzito. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki na za Sudan Kusini, kumwambia mtu "Siji" usoni ni ukali. Adabu ni kuuacha mlango wazi: "Inshallah," "Mungu akipenda," "Nitajaribu." Msikilizaji aliyekulia katika desturi hiyo husikiliza sauti na kuutazama uso, akajua kwamba mgeni hatakuja. Maneno hayo yakigeuzwa kuwa "I will try," sauti na uso hubaki nyuma, hasa katika ujumbe wa simu. Msomaji wa ujumbe huona maneno matatu tu, naye huyachukua kuwa ni ahadi.

Chukua mfano wa sajini na mkewe wanaomfanyia mtoto wao sherehe ya ubatizo huko Gumbo. Koplo aliye jirani yao, mwenye mke na watoto wanne, anapelekewa mwaliko. Anajua kwamba siku hiyo ana zamu, lakini aona vibaya kumkatalia mkubwa wake, basi anaandika, "I will try." Mke wa sajini ananunua unga, mafuta na samaki kwa hesabu ya watu sita zaidi. Fedha hazikutosha, kwa hiyo anakopa dukani. Siku inapita, na sahani sita zinabaki zimefunikwa. Juma linalofuata wanakutana kisimani.

"Shemeji, tuliwangoja mpaka magharibi," asema mama yule.

"Lakini shemeji, si niliandika kwamba nitajaribu?" ajibu koplo.

Kila mmoja ana haki kwa desturi aliyoifuata. Koplo alikataa kwa upole, na mama alisikia ahadi. Hata hivyo deni la dukani limebaki kwa mmoja tu, na baina ya nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi pameingia ubaridi. Ahadi ni deni, na asiyekusudia kulipa asikope kwa maneno.

Kiingereza nacho kina upole wake, ila huuweka mahali pengine. Jibu lenyewe huwa wazi, na upole huwekwa kabla yake na baada yake. Kwanza hutangulia shukrani. Pili hufuata kukataa kwenyewe, kwa neno la masikitiko. Tatu hutolewa sababu fupi. Nne hufunga kwa heri. Koplo yule angaliweza kuandika hivi: "Thank you very much for inviting us. I am sorry that we cannot come, as I shall be on duty. We wish the child God's blessing and hope to visit you soon." Maneno "I am sorry" na "I am afraid" hayana maana ya kukiri kosa wala ya kuogopa. Ni mto wa kulazia neno gumu.

Mtu ambaye kwa kweli hajui kama ataweza kuja aseme hivyo, na ataje siku ya kutoa jibu: "I am not sure yet. May I tell you by Thursday?" Kisha Alhamisi ikifika ajibu, hata kama hakuna aliyemkumbusha.

Sababu haina haja ya kuwa ndefu. "We have another engagement" yatosha, yaani kuna shughuli nyingine iliyotangulia, na mwenye adabu hachunguzi zaidi. Uongo haufai. Katika kambi na katika mtaa mdogo, aliyesema anaumwa huonekana jioni sokoni, na aibu yake hupita ile ya kukataa.

Wako wengi wanaokataa kwa sababu hawana zawadi wala nguo ya kuvaa, na hao ndio wanaostahili kufikiriwa kwanza. Mwenyeji mwenye busara huwaondolea mzigo huo kwa kuandika katika kadi, "No gifts, please." Naye asiye na kitu aweza kujibu kwamba atakuja kumtazama mtoto siku nyingine, na ziara hiyo ya mikono mitupu yaweza kuwa na thamani kuliko kiti kilichokaliwa siku ya karamu.

Mwaliko wa Mkubwa wa Kazi

Amri na mwaliko visichanganywe. Amri husema askari atahudhuria, na mwaliko humwomba. Lakini mwaliko wa kamanda kwa walio chini yake una uzito, na anayeukataa huwa na sababu ya maana, kama zamu, ugonjwa au msiba. Jibu hupelekwa upesi, na kwa maandishi: "Corporal ........ thanks the Commanding Officer for his kind invitation and regrets that he is unable to accept, as he will be on duty." Kinyume chake, mkubwa anayewaalika vijana wake nyumbani na akumbuke kwamba hawako huru sana kumkatalia, basi asiwaalike kila juma wala siku za mwisho wa mwezi.

Jambo jingine lahusu usalama. Jibu la mwaliko si mahali pa kutaja kikosi kinakwenda wapi na kitarudi lini. Mke aliyebaki na watoto aweza kukubali peke yake bila ya kutoa siri yoyote: "My husband is away, but the children and I will be glad to come." Wala si lazima aseme "away" katika ujumbe utakaosomwa na watu wasiojulikana. "The children and I will be glad to come" yatosha.

Mwisho, msiba hauna kadi. Gumbo, kama kwingineko Afrika Mashariki, watu huenda kwenye kilio bila ya kualikwa, na asiyeweza kwenda hatumi udhuru wa karamu. Kwa Kiingereza huandikwa kwa ufupi, "We are very sorry for your loss. We are praying for you," na baadaye huendwa kwa miguu.

Mambo ya Kukumbuka

Mwenye kualika na ataje siku kwa tarehe, saa kwa hesabu isiyo na utata, na watu anaowataka. Mwenye kualikwa na ajibu kabla ya siku iliyowekwa, ataje idadi ya wanaokuja, na kama haji, aseme wazi kwa shukrani na heri. Aliyekubali kisha akazuiwa na zamu ya ghafula atume habari saa ile ile, hata kama chakula kimekwisha pikwa, ili sahani zake wapewe wengine wangali moto.

Lugha ngeni haimwondolei mtu upole wake wa nyumbani. Humtaka auweke katika maneno yanayofahamika na yule anayeyapokea. Mama aliyeinama jikoni tangu alfajiri hatavunjika moyo kwa kuambiwa mapema, "I am sorry, we cannot come." Atapunguza kibaba kimoja cha unga, na urafiki utabaki ulivyokuwa.